Nyumba Isiyo na Mbao Hata Moja, na Swali Tulilosahau Kuuliza

*Kabla hamjanuniana kwa sababu ya ramani ya nyumba, someni kwanza kisa cha vibanda vya mawe vya Karoo, Afrika Kusini. Waliovijenga walipendana, wakazaa, wakalea. Lakini pale walipoweka msingi palikuwa na mambo.*

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana mimi na mume wangu tulikaa karibu wiki tatu tukiongea kwa SMS, na wote tuko humu humu ndani ya nyumba moja. "Chakula kipo." "Sawa." "Umeme umebaki yuniti nne." "Poa."

Chanzo? Kenchi. Fundi alikuja na karatasi ya makadirio, na mbao za kuezekea peke yake zilikuwa zinakula hela yote tuliyopanga itufikishe mpaka kwenye madirisha. Mimi nikasema tupunguze chumba kimoja. Mwenzangu akasema chumba hicho ndicho cha mama yake akija kututembelea. Nikamjibu vibaya. Ninyi mlioko kwenye ndoa mnajua yalivyoendelea kutoka hapo.

Usiku mmoja yeye kageukia ukutani, mimi nikashika simu nikaanza kutafuta: hivi kuna nyumba yoyote duniani iliyowahi kujengwa bila mbao? Kumbe zipo. Na si mbali sana, ziko hapa hapa Afrika.

Mzinga wa nyuki uliojengwa kwa mawe

Karoo ni nyika kubwa, kavu, katikati ya Afrika Kusini. Sehemu yake ya kaskazini magharibi, kwenye miji midogo ya Carnarvon, Williston na Fraserburg, mvua ni ya kubahatisha, kiangazi kinachoma na usiku wa kipupwe unagandisha maji. Miti ya maana hakuna. Vichaka vifupi, mawe, na mbingu kubwa, basi.

Huko ndiko walikofika trekboer, yaani wafugaji wa Kikaburu waliokuwa wakihamahama na kondoo na magari yao ya kukokotwa na maksai. Kwanza waliishi ndani ya magari hayo hayo, au kwenye mahema, au kwenye vibanda vya mikeka ya matete, mtindo walioiga kwa Wakhoekhoe, wafugaji wenyeji wa nchi ile. Karne ya 19 baadhi yao wakaanza kutulia sehemu moja. Wakataka nyumba. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto: hakuna boriti, hakuna fito, hakuna hata nyasi za kutosha za kuezekea. Kilichojaa ni mawe bapa.

Basi wakajenga kwa mawe mpaka juu. Ujanja wenyewe ni huu. Unapanga mawe bapa kwa mduara. Ukuta ukishapanda, kila mduara mpya unauingiza ndani kidogo kuliko ule wa chini yake. Unaendelea hivyo, kidogo kidogo, nyumba inajifunga yenyewe kama mzinga wa nyuki, mpaka kileleni linabaki tundu dogo. Hapo unaweka jiwe moja bapa, umemaliza. Mawe hulazwa yakiinamia nje kidogo ili maji ya mvua yasiingie ndani. Na upande wa nje unaacha mengine yamechomoza kama vipandio: ndiyo ngazi ya fundi wakati wa kujenga, na ndiyo ngazi ya kupandia kuziba palipovuja. Msumari hata mmoja hakuna.

Usidhani ni ufundi wa walowezi peke yao. Kwenye nyanda za juu za nchi hiyo hiyo, jamii za Kisotho zilikuwa zimejenga vibanda vya mawe vya namna hii kabla Makaburu hawajafika kwao.

Kuta zake ni nene, kwa hiyo ndani mchana pana ubaridi, usiku wa kipupwe pana joto. Dirisha ni dogo kama la stoo. Bati na mbao zilipoanza kufika huko kwa urahisi, watu wakaacha kujenga hivyo. Leo vingine vimebomoka, vingine ni stoo za shambani, vingine vimekarabatiwa na wageni wanalala humo. Kimoja kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Carnarvon. Na kwa jinsi nchi ile ilivyo tupu na kimya mpaka leo, kilomita 90 hivi kutoka mji huo ndipo yalipowekwa madishi 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018, kusikiliza nyota.

Ndoa ndani ya chumba kimoja

Sasa hebu fikiria, mpenzi msomaji. Wewe na mwenzio, watoto, godoro la manyoya, kisanduku cha nguo, bunduki ukutani. Chumba kimoja, pengine viwili. Hakuna "master", hakuna "self". Mkikwaruzana hakuna pa kwenda kununia, labda zizini kwa kondoo.

Sakafu ilikuwa udongo uliosiribwa. Ile ya kwenye nyumba ya makumbusho, kwa jinsi inavyosimuliwa, iling'arishwa kwa mchanganyiko wa mafuta na damu ya ng'ombe mpaka ikawa nyekundu inayometa. Mapishi mengi yalifanyika nje, kwenye uzio wa vichaka wa kukinga upepo. Kuni hakuna, kwa hiyo moto ulikokwa kwa samadi kavu iliyokatwa zizini. Mama mwenye nyumba alitengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya kondoo. Magadi ya sabuni hiyo yalitokana na majivu ya kichaka kimoja cha huko. Kuna wakati sabuni ya mke ndiyo iliyopelekwa mjini kubadilishwa na kahawa, sukari na kitambaa.

Kuoana nako kulikuwa shughuli. Mpaka mwaka 1804, wachumba walitakiwa kufika wenyewe mbele ya baraza la ndoa huko Cape Town. Sikiliza: kwa aliyeishi pembezoni mwa koloni hiyo ni safari ya mamia ya kilomita kwa maksai, wiki kadhaa kwenda na wiki kadhaa kurudi. Siku hizi mtu akiambiwa semina ya uchumba ni Jumamosi sita mfululizo analalamika!

Lakini kuna jambo moja lililonifanya niinuke kitandani. Kwa sheria waliyoifuata, ile ya Kiholanzi yenye asili ya Kirumi, wanandoa wasipoandikishana mkataba mwingine, mali yote ilikuwa ya wote wawili. Mmoja akifariki bila wosia, nusu ni ya aliyebaki. Nusu nyingine wanagawana watoto, wa kike sawa na wa kiume. Yaani mwanamke kwenye kile kibanda cha mawe, hana hata dirisha la maana, lakini nusu ya kondoo ni wake na ndugu wa mume hawamgusi.

Hapo nikamwamsha mume wangu. Maneno ya kwanza ya maana ndani ya wiki tatu: "Hivi sisi tumeandika majina mawili kwenye kile kiwanja?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, "Mke wangu, saa nane usiku hii." Lakini alicheka. Tukaanza kusoma pamoja.

Jalala halidanganyi

Ukitaka kujua watu waliishi vipi, wanaakiolojia wanasema usikimbilie sebuleni. Nenda jalalani.

Kwenye makazi ya aina hii, hatua chache kutoka mlangoni huwa kuna kichuguu cha majivu na takataka. Humo ndimo historia ilimojificha. Vinapatikana vipande vya sahani za Uingereza zenye maua, vioo vya chupa, vipande vya viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, vifungo, mifupa ya kondoo yenye alama za kisu. Unaona kabisa: huyu mama alikuwa jangwani lakini sahani yake ya maua alikuwa nayo. Tupo wengi wa namna hiyo.

Lakini majalala na mapango ya Karoo yana vitu vingine pia. Vishanga vilivyochongwa kwa ganda la yai la mbuni. Vyombo vidogo vya jiwe vya kukwangulia ngozi. Kuanzia mwishoni mwa karne iliyopita mwanaakiolojia Garth Sampson na wenzake walipekua bonde la mto Seacow, mashariki ya huko, wakaorodhesha maelfu ya mahali palipoishi watu. Kwenye tabaka za juu za mapango walikuta shanga za kioo na vigae vya Kizungu vimechanganyika na zana za mawe. Na sehemu mbalimbali za koloni lile kumeonekana vipande vya chupa vilivyochongwa kama jiwe, vikawa visu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wale wafugaji hawakufika kwenye nchi tupu. Kulikuwa na wenyewe.

Chemchemi ilikuwa ya nani?

Angalia majina ya mashamba ya Karoo kwenye ramani. Mengi yanaishia na neno "fontein". Kwa lugha ya Makaburu ni chemchemi. Huko shamba bila maji si shamba, ni picha tu. Kwa hiyo kila kibanda cha mawe kimekaa karibu na maji.

Enzi za Kampuni ya Waholanzi, mfugaji alichagua mahali penye maji, akaandikisha, akalipa ada kwa serikali: kuanzia mwaka 1714 ilikuwa riksdala 12 kwa mwaka, na mwaka 1732 ikapanda hadi 24. Ukubwa wa shamba ulipimwa kwa farasi. Unasimama katikati, unamwendesha farasi mwendo wa kutembea kwa nusu saa kila upande, na pote hapo ni pako. Hakuna aliyepita kuuliza: jamani, hapa kuna mwenyewe?

Mwenyewe alikuwepo. Walikuwa Wasan, wawindaji, na kwa upande ule wa Carnarvon ni wale waliojiita /Xam. Hiyo alama ya mkwaju ni mlio wa ulimi, kama unaousikia kwa Wahadzabe na Wasandawe hapa kwetu Tanzania. Kwao kila chemchemi ilikuwa na mwenyewe, inarithiwa, na mgeni anabisha hodi kabla ya kunywa. Kondoo walipofika kwa maelfu wakanywa maji, wakala majani, na wanyama wa kuwindwa wakatoweka. Wasan wakaanza kuchukua kondoo. Wafugaji wakajibu kwa bunduki.

Mwaka 1774 peke yake, msafara mmoja mkubwa wa wafugaji wenye silaha uliotumwa mpaka wa kaskazini wa koloni uliua watu 503 na kuteka zaidi ya 200. Wengi wa watekwa walikuwa wanawake na watoto, wakagawanywa mashambani kama watumishi. Chini ya Waingereza, sheria ya mwaka 1812 ikampa mwenye shamba haki ya kumfunga kazini kwa miaka kumi mtoto wa Kikhoekhoe aliyekulia kwake, kuanzia umri wa miaka minane. Kwa hiyo ukiona kishanga cha yai la mbuni kwenye jalala la mlowezi, jiulize kimefikaje pale. Huenda kilidondoka shingoni mwa aliyekuwa anasonga uji wa watoto wa wenzake.

Mwaka 1847 mpaka wa koloni ukasogezwa mpaka mto Orange, na nchi yote ya /Xam ikamezwa. Mwaka 1862 hakimu mmoja, Louis Anthing, akaenda mwenyewe kuchunguza. Ripoti yake ya mwaka 1863 ilieleza jinsi Wasan walivyokuwa wakiuawa, na waliobaki wakifa kwa njaa kando ya maji yaliyokuwa yao.

Mmoja wao tunamjua kwa jina: //Kabbo. Alifungwa gerezani Cape Town kwa wizi wa mifugo. Mwaka 1871 alihamishiwa nyumbani kwa mtaalamu wa lugha Mjerumani, Wilhelm Bleek, na shemeji yake Lucy Lloyd, ili awafundishe lugha yake. Alisimulia, wao wakaandika. Kutoka kwake na wenzake zilipatikana kurasa zaidi ya 12,000 za madaftari, ambazo mwaka 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Na alisimulia nini huyu mzee? Pamoja na mengine, nyumbani kwake. Kisima chake, ambacho kilikuwa cha babu yake, kikawa cha baba yake, kikawa cha kaka yake, kikawa chake. Alikitaja kama vile wewe unavyotaja namba ya hati. Mwaka 1873 alirudi kwao. Mwaka 1876 akafariki. Lugha yake leo haina msemaji hata mmoja, ingawa tangu mwaka 2000 maneno yake yapo kwenye nembo ya taifa la Afrika Kusini, yakisema watu tofauti waungane.

Mume wangu alisoma mpaka hapo akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, kile kisima."

Kile kisima

Nilikuwa sijawaambia. Kiwanja chetu kiko nje ya Dar, njia ya Bagamoyo. Siku dalali alipotupeleka tuliona kwenye kona msingi wa zamani wa mawe, mwembe mkubwa, na kisima kilichofukiwa nusu. Mimi niliuliza. Dalali akasema, "Magofu tu hayo dada, greda likipita mara moja hapatajulikana." Bei ilikuwa nzuri. Tukasaini.

Jumamosi ile badala ya kwenda kwa muuza mbao tukaenda kiwanjani. Tukapiga hodi nyumba ya tatu. Bibi mmoja alikuwa anachambua mchele kibarazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Ninyi ndio mlionunua pale?"

"Ndiyo bibi. Tumekuja kuuliza, kile kisima ni cha nani?"

Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Alikichimba marehemu mume wangu. Na ule mwembe niliupanda mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza." Akaeleza taratibu, bila kulia. Arobaini ya mumewe haijapita vizuri, shemeji zake walishapima kiwanja. Yeye hajaitwa kikaoni, hajasaini kitu, hajapewa hata nauli. "Nikasikia tu kuna vijana wamenunua. Nikasema, watakuwa hawajui."

Watakuwa hawajui. Neno hilo lilituuma kuliko tusi, maana tuliuona ule msingi kwa macho yetu.

Sitawachosha na vikao. Tulikaa serikali ya mtaa mara tatu, na mara ya kwanza shemeji zake hawakutokea. Mwishowe wakarudisha sehemu ya hela, ikaenda kwa bibi. Na sisi tukaongeza ya kwetu. Kisima kimebaki chake, na njia ya kukifikia imeandikwa kwenye makubaliano mapya. Mwembe haukatwi. Safari hii yeye aliweka dole gumba, na majina yetu yapo mawili.

Ile hela tuliyoongeza ilitoka wapi? Ilikuwa ya kile chumba cha nne. Mume wangu ndiye aliyempigia mama yake kumweleza. Nilisubiri mlangoni moyo unanidunda. Mama mkwe akasema, "Mwambie mkwe wangu nikija nitalala sebuleni. Ila hayo maji ya huyo bibi, yakoje? Matamu?"

Ni matamu. Tumekizibua mwezi uliopita.

KABLA YA KUWEKA JIWE LA MSINGI: Mambo matano ya kukaa na mwenzio

1. Nani alikuwa hapa kabla yetu? Usimuulize dalali. Uliza majirani watatu wa zamani, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ukiona msingi wa zamani, kaburi, kisima au mti uliopandwa, usisaini kwanza.

2. Mke wa muuzaji anajua? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kama mwenye mali amefariki, ulizia mjane na msimamizi wa mirathi.

3. Majina mangapi kwenye karatasi? Zungumzeni sasa hivi mkiwa mnacheka, si siku mtakayokuwa mmenuniana.

4. Maji yako wapi? Watu wa Karoo walichagua maji kwanza, nyumba baadaye. Wengi wetu tunachagua geti kwanza.

5. Vyumba vingapi? Liwe swali la mwisho. Kuna waliolea watoto kwenye chumba kimoja cha mawe. Idadi ya vyumba mnaweza kuipunguza au kuiongeza baadaye. Kumuuliza mwenye kisima kunafanyika kabla ya msingi.